Nyumba Inakula

Shemeji yangu alifundisha shule ya msingi miaka 36. Siku aliyokuja kuniambia kwamba anastaafu alikuwa na ramani mfukoni, kaichora mwenyewe kwa peni nyuma ya karatasi ya kalenda: masta sita, yaani vyumba vyenye choo na bafu ndani, tatu zinatazamana na tatu, korido ya zege katikati, simtanki juu ya nguzo, na geti. Kiwanja kapata Chanika. Fedha ni kiinua mgongo, na pakipungua atauza shamba la Morogoro. "Shemeji," akaniambia huku akiikunja ile karatasi kwa uangalifu kama hundi, "nyumba haili wala hainywi. Ukishapaua, kazi yako ni kukaa barazani kusubiri mwezi ugeuke."

Kauli hiyo si yake. Utaisikia kwenye daladala, kwenye vikao vya harusi, redioni asubuhi, hata msibani watu wakishamaliza kula. Mtu akipata fedha ya kueleweka, ushauri ni mmoja: jenga, pangisha, lala usingizi. Aliyepokea mafao akayaacha benki huonekana kachanganyikiwa kidogo. Mwaka 2018 zilipotoka kanuni za kumpa mstaafu mkupuo wa asilimia 25, kinachobaki alipwe kila mwezi, ghadhabu ilikuwa kubwa hadi Rais Magufuli akazisimamisha Desemba mwaka huohuo. Mimi nilizisikiliza zile kelele kazini na mtaani. Hakuna niliyemsikia akisema pensheni ya kila mwezi haitamtosha kula. Walichosema ni kwamba fedha haitafika kwenye renta.

Mimi nasema nyumba inakula. Inakula bati, inakula koki, inakula saruji, inakula usiku wako, na ikikukuta huna akiba inakula na jina lako mbele ya wapangaji. Nimeilisha moja kwa mkono wangu tangu 2013, na hesabu ninazo.

Nyumba yenyewe ni ya mama, iko Tandika. Ni nyumba ya Kiswahili kama unavyozijua: ukumbi unatoka mlango wa mbele moja kwa moja hadi uani, vyumba vitatu kulia, vitatu kushoto, na uani kuna jiko, bafu na choo cha shimo. Baba alipofariki mama alibaki na chumba cha mbele, vitano vikapangishwa. Hesabu zimo kwenye kaunta buku lenye jalada gumu, kurasa za mwanzo zimeshageuka rangi ya chai. Kushoto naandika kinachoingia, kulia kinachotoka. Kushoto kuna nafasi tele. Kulia nimeshaanza kuandika kwenye pambizo.

Nifungue ukurasa mmoja, Januari hadi Juni 2018. Kushoto kuna mistari mitatu: chumba cha pili, cha tatu na cha tano, kila kimoja shilingi 50,000 kwa mwezi, miezi sita kwa pamoja, jumla 900,000. Zote ziliingia ndani ya siku nne. Ikatoka ada ya mdogo wetu, sare, deni la duka la Mangi, na kitenge cha mama cha kwendea harusi Tanga. Kufika tarehe 12 Januari vyumba vile vitatu vilikuwa vimeshaliwa mpaka Juni. Aprili ikaja mvua, ile ambayo watu wa mabondeni hawajaisahau, na ukuta wa choo chetu ukalala. Sisemi ulianguka. Ulilala polepole, kuanzia alfajiri, ukaja kujilaza nusu yake ndani ya shimo. Watu 17, watoto wakiwemo, hawana pa kwenda. Upande wa kulia umeandikwa: gari la majitaka, safari mbili, tofali, saruji, nondo, fundi na saidia fundi, mlango wa bati. Jumla 1,410,000. Mama akaenda kukopa kwenye kikoba chao, kwa riba, ili awajengee choo watu waliokuwa wameshamlipa.

Hapo ndipo nilipoielewa kodi ya miezi sita. Ni deni. Mpangaji anapokuhesabia 300,000 mwezi wa kwanza, umepata 50,000 na umekopeshwa 250,000. Utalilipa deni hilo kidogo kidogo: kwa paa lisilovuja Februari, kwa maji Machi, kwa choo kinachoingilika Aprili. Ukimtoa kabla ya wakati unamrudishia kilichobaki. Kila siku tunamhurumia mpangaji wa Dar es Salaam kwa kutakiwa kodi ya miezi sita au mwaka mzima, na udalali wa mwezi mmoja juu yake, na ni haki ahurumiwe. Ila sijasikia anayemwambia mwenye nyumba kwamba utaratibu huohuo unamharibu yeye pia. Unamfanya ajione tajiri Januari na fukara Aprili, na katikati hapo akose hata elfu 30 ya kubadilisha kitasa.

Sasa turudi kwenye karatasi ya kalenda. Nilimwomba shemeji tukae tuihesabu, akakubali kwa shingo upande. Kiwanja milioni 15. Kujenga hadi mtu aweze kuingia, milioni 65, hapo fundi akiwa mwaminifu na saruji isipande katikati ya safari. Jumla milioni 80. Masta moja Chanika aliitarajia kwa 120,000. Mara sita, 720,000 kwa mwezi. Mara 12, milioni 8 na laki 6 na 40,000 kwa mwaka. Hii ndiyo namba wanayoitaja watu barazani, na ukiigawa kwa milioni 80 unapata asilimia 10.8. Shemeji akaniangalia kama mtu aliyeshinda kesi.

Nikamuuliza, masta zote sita zitakuwa na watu siku 365? Hakuna mtaa wenye bahati hiyo. Mtu anahama, chumba kinapigwa rangi, dalali anazungusha wateja, mwezi unapita. Tukakadiria kila masta ilale tupu mwezi mmoja kwa mwaka, zikatoka 720,000, ikabaki 7,920,000. Ikaja asilimia 10 ya kodi ya zuio ya pango, 792,000, ikabaki 7,128,000. Hapa shemeji akacheka, akasema nani analipa hiyo. Ni kweli wengi hawailipi. Lakini kutoidai si kuisamehe; ni deni linalolala, na siku likiamka huamka na adhabu na riba. Tukatenga asilimia 1.5 ya thamani ya jengo kwa ajili ya kuchakaa, yaani rangi, bati, mbao za mlango zilizoliwa na mchwa, pampu iliyoungua, vigae vilivyopasuka: 975,000. Kuna miaka hutaitumia yote, na kuna mwaka utaitumia ya miaka minne kwa siku moja. Karo, taka, taa za uani na maji ya pamoja, 400,000. Na mpangaji mmoja katika sita aliyehama usiku akiwa na deni la miezi miwili, 240,000. Huyu ukimkosa mwaka huu utampata mwakani. Mwisho wa mstari ikabaki 5,513,000.

Gawa kwa milioni 80. Asilimia 6.9.

Na hapo nimemfanyia upendeleo, maana nimechukulia nyumba ilijengwa usiku mmoja. Tunavyojenga sisi, msingi unakaa mwaka ukiota majani, kuta zinakaa mwaka zikisubiri renta, na muda wote huo fedha iliyolala pale hailipi chochote. Wala sikuhesabu mshahara wa shemeji mwenyewe, atakayepanda daladala mbili kwenda Chanika kila koki inapolia. Ukiajiri mtu akusimamie, ondoa tena.

Sasa weka pembeni yake hatifungani ya serikali. Mwaka 2022 Benki Kuu ilipoishusha riba ya hatifungani ya miaka 25 kutoka asilimia 15.95 hadi 12.56, watu walilalamika kwamba imekuwa ndogo. Kwa riba hiyo waliyoiona ndogo, milioni 80 inaleta 10,048,000 kwa mwaka, nusu yake ikiingia kila miezi sita, bila dalali na bila gari la majitaka. Kiwango cha kuanzia ni milioni 1, kwa hiyo hata asiye na milioni 80 anaingia. Tofauti na masta za Chanika ni zaidi ya milioni 4.5 kila mwaka.

Lugha yetu nayo imechangia kutuponza. Anacholipa mpangaji kinaitwa kodi na inachodai serikali kinaitwa kodi. Mwenye nyumba kasikia moja tu. Na ile nyingine anayeilipa mara nyingi hata si yeye. Tangu Julai 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU, ikianzia 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na kupandishwa hadi 1,500 mwaka 2023. Anayenunua umeme ni mpangaji. Usiku wa tarehe 1 ananunua wa 5,000, uniti zinakuja pungufu, anagonga dirisha la mama kuuliza. Sisi kwetu tuliandika kwenye mkataba kwamba atarudishiwa. Jirani yetu hajaandika, na kila mwanzo wa mwezi tunamsikia akigombana na wapangaji wake kupitia ukutani.

Ndugu wa mkopo nao niwaseme, ingawa hawa nitawapita haraka kwa sababu hesabu yao ni fupi. Riba za mikopo ya benki zetu kwa miaka mingi zimezunguka kati ya asilimia 15 na 18. Ukikopa nusu tu ya ile milioni 80, yaani 40, kwa asilimia 16, riba ya mwaka wa kwanza ni milioni 6.4. Masta zote sita, baada ya matumizi, zinaleta 5.5. Kwa hiyo wapangaji sita wanakulipia riba na hawaimalizi, na mkopo wenyewe bado hujaugusa. Mtu anayekopa benki ili ajenge vyumba vya kupangisha uswahilini anaifanyia benki kazi ya usimamizi wa jengo, bila mshahara.

Najua nitajibiwa nini, na majibu mengine yana uzito, sitayakwepa.

La kwanza ni kwamba ardhi inapanda. Inapanda kweli. Waliochukua viwanja Goba na Madale kukiwa bado mapori wameona maajabu. Lakini sikiliza vizuri kilichopanda. Ni udongo. Kuta hazipandi, kuta zinachakaa. Mnunuzi anayekuja kwenye nyumba ya vyumba vya kupanga yenye miaka 20 anakadiria kiwanja kwanza, halafu anaulizia gharama za kuibomoa. Kwenye ile milioni 80 ya shemeji, udongo ni milioni 15 tu. Ili udongo huo ufidie milioni 4.5 inayopotea kila mwaka, inabidi upande asilimia 30 mwaka wa kwanza. Kama unaamini ardhi ya Chanika itafanya hivyo, basi nunua ardhi ya Chanika, izungushie uzio, uiache. Hiyo ni biashara nyingine, ina akili yake, na haihitaji choo.

La pili ni kwamba shilingi inaliwa na mfumuko wa bei huku kodi ya nyumba ikipanda. Hili nalikubali kwa nusu. Riba ya hatifungani haipandi hata mkate ukipanda, na mstaafu wa miaka 60 anayekula riba yote bila kuirudisha kidogo atakuja kulia akifika 75. Lakini kodi nayo haipandi kwa kuwa wewe umetaka. Inapanda mishahara ya wapangaji ikipanda. Waulize waliokuwa wakipangisha Upanga, Masaki na Mikocheni baada ya Julai 2016, serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma na vyuma vikakaza. Vibao vya "nyumba inapangishwa" vilikaa getini hadi herufi zikapauka. Waliozoea dola wakajifunza kupokea shilingi, waliozoea mwaka mzima wakajifunza kupokea miezi mitatu. Huko Dodoma wakati huohuo mwenye chumba akawa mfalme. Hakuna kati yao aliyefanya kosa au aliyefanya la maana. Serikali ilihama tu.

La tatu ndilo linaloniumiza kichwa, kwa sababu alilisema mama. "Tofali halikopeshwi," aliniambia. Fedha ikiwa kwenye simu, mjomba anaumwa, shangazi ana kesi, kijana wa kaka anataka bodaboda, na mwezi ukiisha haipo. Ikishakuwa tofali, hakuna anayekuja kuazima tofali. Tena watu wa kizazi chake wana sababu ya kuogopa makaratasi. Waliona upatu wa DECI mwaka 2009, watu waliokwenda kupanda mbegu wakabaki na risiti. Januari 2018 Benki Kuu ilifuta leseni za benki tano kwa siku moja. Mtu aliyepitia hayo ukimwambia habari ya hatifungani anakuangalia vile mama alivyoniangalia.

Sina jibu la kumshinda mama. Ninachosema ni kwamba tumpe kitu jina lake. Tofali lisilokopesheka ni kibubu, na kibubu ni kitu kizuri sana. Ila kibubu hakilipi mshahara wa kila mwezi, na huwezi kukivunja upande mmoja tu. Siku mama alipohitaji laki 8 ya matibabu hatukuweza kuuza dirisha. Tungekuwa na vipande vya UTT, ambayo ni taasisi ya serikali na ilianza kuuza vya Mfuko wa Umoja mwaka 2005, tungeuza vya laki 8 vingine vikabaki. Nyumba ama unayo yote ama huna.

Hapo ndipo hatari inapolala, kwenye hilo neno "yote". Wanaosema nyumba haiwezi kukimbia wanasahau kwamba ndiyo shida yake. Bomoabomoa ikija, mafuriko yakija, barabara ikija, kila chenye miguu kitaondoka na nyumba itabaki pale ikisubiri. Mwaka 2017 tingatinga zilipita Barabara ya Morogoro kuanzia Kimara kuelekea Kiluvya, kwenye hifadhi ya mita 121.5 kila upande. Nilipita pale wiki moja baadaye. Kulikuwa na fremu za maduka zilizokatwa katikati, rafu bado ziko ukutani, na juu ya ukuta mmoja uliobaki kulikuwa na namba ya simu ya mwenye nyumba imeandikwa kwa rangi nyekundu kwa ajili ya wanaotafuta chumba. Leo barabara ya njia nane imepita hapo na inapendeza. Lakini kwenye ile namba ya simu kulikuwa na mtu ambaye pensheni yake yote ilikuwa ndani ya mita 121.5.

Bonde la Msimbazi lilifanya vivyo hivyo kwa maji Desemba 2011, watu wakapelekwa Mabwepande na wenye vyumba vya kupangisha Jangwani wakabaki na matope. Ghorofa la Kariakoo lililoporomoka Novemba 16, 2024 lilikuwa na maduka yaliyofunguliwa asubuhi ile kama kawaida.

Na nikikumbusha la zamani zaidi, sisemi kwamba litarudi. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Kupangisha kulihesabiwa pamoja na unyonyaji mwingine. Aprili 1971 sheria ikayachukua majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 ambayo mwenyewe hakai ndani yote, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, na mengi kati yake ndiyo haya ya katikati ya mji ambayo leo ni ya Shirika la Nyumba la Taifa. Wenye majengo yaliyozidi miaka kumi hawakupata fidia. Mpaka Azimio la Zanzibar la mwaka 1991 ndipo chama tawala kilipolegeza masharti yale kwa viongozi wake. Ukiwaza hivyo, imani hii ya kwamba nyumba ya kupangisha ndiyo mahali salama kuliko pote si mila ya mababu. Ni ya juzi, umri wake kama wa mtoto aliyemaliza chuo akaajiriwa.

Kuna hatari ya kimyakimya ambayo haiji na tingatinga, nayo ni sisi watoto. Nyumba ya mama ina warithi watano. Sasa hivi, yeye yupo, kuna daftari na kuna amani. Nimeshaona za wengine. Mzee anazikwa Jumamosi, Jumatatu kaka mkubwa anawaambia wapangaji kodi walete kwake, Alhamisi dada anawaambia wasimpe, na mpangaji mwenye akili hampi yeyote, anakaa bure miaka miwili huku msimamizi wa mirathi akibishaniwa Mahakama ya Mwanzo. Bati linavuja muda wote huo. Nani alitengeneze, na ni la nani? Mwishowe nyumba inauzwa kwa bei ya hasira. Nimemwambia mama habari ya wosia mara tatu. Mara zote tatu ameniuliza kama nina haraka.

Sasa mtu atasema, wewe mbona hujaiuza ya Tandika. Sijaiuza kwa sababu mama anaishi humo na kwa sababu imeshalipiwa zamani. Udongo wake ni mali na choo chake nimekijenga imara. Lakini tangu ule mwaka wa 2018 naiendesha kama duka. Kodi inaingia kwenye laini ya simu ya peke yake, si ninayotumia mimi wala anayotumia mama, imesajiliwa kwa ajili hiyo tu. Ikiingia ya miezi sita naigawa kwenye karatasi, na mama anapewa ya mwezi mmoja, hata akinuna, na kununa ananuna. Katika kila miezi sita, mwezi mmoja hauguswi na tumbo. Ni wa nyumba. Huo ndio uliobadilisha bati la upande wa kushoto mwaka 2022 bila kikoba. Wapangaji wawili tuliwaomba walipe kila mwezi badala ya miezi sita, wakashukuru kama tumewapa zawadi, na hawajahama tangu hapo. Chumba kisicholala tupu kimetulipa kuliko nyongeza yoyote ya kodi tuliyowahi kufikiria. Mkataba upo, ukurasa mmoja, una mashahidi. Mpangaji akigoma kulipa hatumng'olei mlango kama wafanyavyo majirani, maana mlango ni wetu na Baraza la Ardhi na Nyumba litatuuliza sisi.

Pamoja na yote hayo, mwaka jana nyumba ilimwachia mama, safi, kiasi ambacho sitakiandika hapa kwa heshima yake. Kingeweza kumtosha kula. Kisingeweza kumtibu.

Haya yote nilimwambia shemeji. Alisikiliza kwa adabu ya mwalimu anayesikiliza mwanafunzi aliyekosea, akaichukua karatasi yake akaondoka. Wiki iliyopita akanipigia simu. Tofali elfu mbili zimeshashushwa, anataka kujua mchanga wa Mpiji unanunuliwaje kwa tripu. Nikampa namba ya mtu. Halafu nikamuuliza kama bado ni masta sita. Akasema sita. Nikamwambia, jenga nne, zile mbili za mwisho wa korido acha msingi wake tu, na fedha yake nenda nayo Benki Kuu au UTT, uchague mwenyewe, isizidi mwezi huu. Kimya kikawa kirefu hadi nikadhani salio limekata.

"Nne," akasema mwishowe. "Halafu dada yako nimwambieje? Ile ya mwisho kulia alishaipangia mapazia."